Muniko Rioba Si Rioba Muniko

Vijana wangu, mnakuja hapa kwangu Rangwe mmezikumbatia laptop kama mtu anayepeleka mtoto kliniki, na kabla hata sijawapa kiti mnaanza: "Mama Peres, makala imerudishwa, wanasema marejeo yako ovyo." Nawapa chai, nafungua hiyo laptop, na kabla sijafika katikati ya orodha nimeshajua nani aliandika mwenyewe na nani alibonyeza kitufe akaenda zake kula chapati. Mimi sina ugomvi na kitufe. Kingekuwepo nilipoanza kazi, macho yangu yangekuwa mazima. Ninachosema ni kwamba kitufe hakijui watu wa huku kwetu, na leo nataka niwaambie nilivyojua hivyo, halafu mniache nikaangalie kuku wangu.

Kwa wale ambao bado hatujajuana, nilifanya kazi katika ofisi ya jarida la chuo kimoja mjini Homa Bay. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya maktaba, dirisha linatazama ziwa. Kazi yangu ilikuwa kupanga marejeo, yaani ile orodha ya mwisho wa makala inayomwambia msomaji mwandishi alichota wapi maneno yake. Ni kazi isiyo na shangwe. Mwandishi anasifiwa, mhariri anashukuriwa, na mtu wa marejeo anakumbukwa siku ambayo koma imepotea. Siku hiyo hata mlinzi wa lango anajua jina lake.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Ogweno, mhariri mkuu. Alikuwa mhariri mkuu siku niliyoingia na alikuwa bado mhariri mkuu siku niliyotoka, na sitashangaa mkiniambia kwamba hadi leo yuko pale na sweta yake ya kijani. Mtu mwembamba, mkali, mpenda njugu. Asubuhi yangu ya kwanza hakunionyesha meza wala choo. Aliniuliza, "Peres, wewe ni mtu wa wapi?"

"Rangwe, Mwalimu."

"Nikitaka kuja kwenu utaniambia nini?"

Nikamwelekeza. Ukishuka sokoni, fuata njia ya kanisa, ukipita posho mill uliza kwa mama anayeuza mandazi, kona ya pili utaona ua wa katani.

"Na nikifuata hayo yote nikafika kwa mtu mwingine?"

"Aa, hapo nitakuwa nimekuaibisha."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako," akasema. "Mtu akisoma rejeo lako, afike kwa mwenyewe. Asifike kwa jirani." Akanitupia makala ya kwanza na penseli nyekundu, akarudi kwenye njugu zake.

Enzi zile hatukuwa na kompyuta ofisini. Kila rejeo lilikaa kwenye kipande chake cha karatasi ngumu ya manila, na vipande vilikaa kwenye katoni ya viatu. Ukitaka kupanga orodha unavimwaga mezani, unavitandaza kuanzia A, na unaomba Mungu mtu asifungue dirisha. Upepo wa ziwa pale Homa Bay hauna heshima. Kuna siku mwalimu mmoja wa kilimo aliingia kuuliza kama tuna stepla, akaacha mlango wazi nyuma yake, na orodha nzima ya mtu wa watu ikaruka, nyingine chini ya kabati, nyingine nje kwenye maua. Tulimfanya aokote mwenyewe. Alikuwa amevaa suti, na tulimwelekeza kila kipande kilipo kwa kidole, sisi tumekaa.

Halafu kompyuta ikaja, halafu programu za marejeo zikaja, na vijana wakaanza kunionea huruma. Wananiambia, "Mama, unaingiza tu, inajipanga." Ni kweli inajipanga. Lakini naomba mshike mambo machache, kwa sababu haya hayajabadilika tangu manila mpaka leo.

La kwanza, andika rejeo siku unayosoma kitabu, wala usingoje siku unayomaliza makala. Ukingoja utajikuta unapiga simu kwa rafiki yako aliye maktaba akuangalizie ukurasa, na rafiki huyo yuko harusini Mbita. Jambo lingine ni kupatanisha. Kila jina lililotajwa ndani ya makala liwe na mwenzake kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwe limetajwa ndani. Yale yaliyo kwenye orodha tu, bila kutajwa popote, Mwalimu Ogweno alikuwa anayaita watu wa kula matanga. Wamekuja kula tu, hawamjui marehemu. Na kila linki ya mtandaoni ibonyeze mwenyewe uone inakopeleka. Mimi niliwahi kubonyeza rejeo la mtu kuhusu samaki wa ziwa nikajikuta kwenye duka la viatu vya Italia.

Na orodha ikishakamilika, isome kutoka chini kwenda juu. Ogweno ndiye aliyenifundisha hilo. Ukisoma kutoka juu, ukifika katikati macho yamechoka na yanaanza kukubali kila kitu, kwa hiyo walio chini hawasomwi kamwe. Maskini wale wa W na Z, wanakosewa maisha yao yote.

Sasa tuje kwenye majina, kwa sababu hapo ndipo kitufe kinapotuacha.

Mnajua sisi tunavyoitana. Kuna binti mmoja alifanya utafiti kule Macalder juu ya kina mama wanaochekecha dhahabu. Kazi safi. Nikafungua orodha yake, nikakuta amewaingiza wote aliozungumza nao: Min Otieno, Min Akinyi, Nyar Kadem, Nyar Karungu, Wuon Ochieng'. Mama Otieno, mama Akinyi, binti wa Kadem, binti wa Karungu, baba Ochieng'. Programu ikawapanga kwa utiifu mkubwa, kina mama wote wamejaa kwenye M kama wako kwenye foleni ya maji, na mabinti wote kwenye N. Mwalimu Ogweno akashika kichwa.

"Nyathina," nikamwambia yule binti, maana yake mwanangu, "hawa watu hawana majina?"

"Mama, hayo ndiyo majina yao. Mimi niliulizia Rosebella siku mzima, hakuna mtu alikuwa anamjua. Nikasema Nyar Kadem, hata mtoto wa nursery akanipeleka mpaka mlangoni."

Yawa! Alikuwa ameelekeza vizuri kuliko sisi. Mtindo wetu haukuruhusu mazungumzo ya mdomo kuingia kwenye orodha, yanatajwa ndani ya makala tu, kwa hiyo tuliwahamishia huko, na tukamwomba arudi Macalder amuulize kila mmoja anataka aandikwe vipi. Wengi walisema waandikwe vilevile. Nyar Kadem ndiye alisema aandikwe Rosebella, kwa sababu amechoka kuitwa kwa jina la mahali alikotoka na ameshakaa Macalder mpaka ana wajukuu.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Ya Rioba hatukuyacheka, angalau mwanzoni.

Rioba, jina lake kamili Rioba Muniko, alikuwa kijana wa Kikuria, nyumbani kwao ni karibu na Ogwedhi, kule Uriri inakopakana na Narok, kwenye soko la mifugo. Mrefu, mpole, anayeongea kama anaogopa kuamsha mtu. Alikuwa anamaliza shahada ya uzamili, na chuo chake kilikuwa na sharti kwamba bila makala moja kuchapishwa hakuna kuhitimu. Makala yake ilihusu njia ambazo wachuuzi wa ng'ombe wanapitia kwenda sokoni, na jinsi ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, unavyosafiri nao. Alikuwa ametembea njia hizo kwa miguu, akazilinganisha na ripoti ya zamani iliyoandikwa na baba yake. Maana baba yake alikuwa afisa wa mifugo wa serikali kabla ya kustaafu, na alizitembea njia zilezile wakati Rioba ni mtoto. Makala yote ilisimama juu ya ulinganisho huo, zamani na sasa.

Niliipenda. Niliisoma hata sehemu ambazo si kazi yangu kusoma. Wahakiki nao wakaipitisha, na kwa kuwa wahakiki hawaonyeshwi jina la mwandishi, hakuna aliyeshtuka. Kisha ikaenda kwa bodi ya jarida, na bodi huonyeshwa kila kitu, pamoja na wasifu mfupi wa mwandishi. Mjumbe mmoja wa bodi, mtu makini anayekaa mbali sana na huku, akaandika hivi: kwenye orodha ya marejeo, Muniko, R. anajitaja mara mbili. Mara ya kwanza ni karatasi aliyoiwasilisha kwenye kongamano juzijuzi, sawa. Mara ya pili ni ripoti ya serikali ambayo, kwa kuangalia wasifu wake, iliandikwa akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo ama ripoti haipo, ama ameiba ya mtu akajipa. Akapendekeza makala ikataliwe, na chuo cha kijana kijulishwe.

Simlaumu yule mjumbe. Hata mimi ningekuwa mbali ningeuliza. Lakini nilipofungua orodha nikaona ni kweli, Muniko, R. wako wawili wamefuatana, kama mtu mmoja aliyesimama mara mbili. Nikatoa nakala ya ripoti ambayo Rioba alikuwa ametuletea. Juu ya jalada, kwa taipureta, imeandikwa RIOBA MUNIKO. Jina la kijana lenyewe, herufi kwa herufi.

Mwalimu Ogweno alisoma barua pepe ile akiwa amesimama. Toleo lilikuwa linakwenda kwa mchapishaji wiki hiyo, na mchapishaji wetu wa Kisumu alikuwa mtu wa kununa. Akasema, "Toa hiyo ripoti. Mwambie kijana aandike tu 'imeripotiwa hapo awali', makala ipite. Tusimwue mtoto wa watu kwa rejeo moja."

Nilikasirika. Sijui kama nimewahi kumkasirikia mtu ofisini namna ile. Huyu ndiye aliyeniambia msomaji afike kwa mwenyewe, na sasa anataka tung'oe njia kabisa! Nikamwambia, "Mwalimu, nikitoa hiyo, atafika kwa nani?" Akachukua njugu, akaenda mlangoni. Nikampigia Rioba aje.

Alifika mchana akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamsomea alichoandika mjumbe. Akasema polepole, "Madam, hiyo ripoti ni ya Tata." Tata kwao ni baba.

"Lakini jina ni yako."

"Ndio. Hata mimi nilishangaa nikiiona. Nilidhani ni mtu wa kutaipu alikosea. Nikaweka vile iko kwa jalada, juu mlisema tuandike vile iko kwa jalada."

Hapo alinipata. Tulisema hivyo. Ni mimi niliyeandika mwongozo wa waandishi.

Ogweno akamwambia kutoka mlangoni, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikuijua kuwa anayo, "Kijana, si tuitoe tu? Uhitimu, uendelee na maisha."

"Mwalimu, nikiitoa sina makala. Na tena hiyo ndio kitu pekee Tata ameandika. Hakuna mahali ingine imewahi kutajwa. Nilimwambia nikimaliza nitamwonyesha jina yake kwa kitabu. Sasa nimwonyeshe yangu?"

Hapo ndipo niliona hasa kilichokuwa mezani. Kijana angeweza kuitwa mwizi, na aliyeibiwa ni baba yake mwenyewe. Nikamwuliza kama hana jina la ubatizo, tumtofautishe nalo. Akasema analo, ni Boniface, lakini hataki kulitumia kwenye makala kwa sababu baba yake hakuwahi kubatizwa, na hataki waandikwe kama watu wa nyumba mbili.

"Mpigie," nikasema. "Tumuulize mwenyewe."

Tukaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa ng'ombe, na sauti nzito ikasema, "Haloo! Ongea haraka, niko na fahali hapa hana adabu."

"Habari ya huko, Mzee. Mimi naitwa Peres, wa jarida ya chuo. Niko hapa na Rioba."

"Rioba yupi?"

Nikamwangalia Rioba. "Mtoto yako, Mzee."

"Eeh, sema hivyo. Kwetu Rioba ni wengi."

"Ile ripoti ya ndigana uliandika ukiwa kazini, ulijiandika jina gani?"

Akacheka, kicheko kirefu mpaka ng'ombe wakajibu. "Mama, mimi ni Muniko. Baba yangu ni Rioba. Muniko Rioba, hiyo ndiyo mimi. Lakini ofisi ya wakati huo ilikuwa inaita watu kinyume, jina la mwisho linaanza, kama wanajeshi. Kila asubuhi: Rioba Muniko! Naitika. Mshahara unakuja: Rioba Muniko! Nachukua. Ukikataa kuitika utakula nini?"

"Na mtoto sasa?"

"Mtoto akakuja nyuma. Kwetu mtoto wa kwanza anapewa babu. Babu ni Rioba. Na yeye ni wa Muniko, ni wangu. Basi akakuwa Rioba Muniko wa kweli. Nikaenda ofisini nikawaambia, nyinyi watu, huyu mtoto mmemwandika kazi kabla hajazaliwa, sasa mlipeni na yeye!"

Mwalimu Ogweno alicheka mpaka njugu zikampalia, tukampiga mgongoni. Hata Rioba alicheka, macho yamejaa machozi, na sikujua ni ya aina gani. Baada ya kukata simu nikaomba anieleze taratibu, nikachora kwenye karatasi. Babu ni Rioba. Mwanawe ni Muniko wa Rioba. Mjukuu ni Rioba wa Muniko. Jina linabadilishana mahali kila kizazi, linakwenda na kurudi, ili babu asipotee. Ni utaratibu mzuri kabisa, na uko wazi kwa kila mtu pale nyumbani kwao. Ni sisi na serikali na kompyuta, kila mmoja akigeuza kwa zamu yake, tuliomgeuza mzee akawa mtoto wake.

Kurekebisha kulikuwa kufupi, na naomba mlishike hili kwa sababu litawafaa. Kwanza tulimrudishia mzee jina lake, Rioba liwe mbele kama jina la ukoo na Muniko lifuate. Kisha, ndani ya mabano ya mraba, tukaandika kwamba jalada linasomeka Rioba Muniko, ili anayekwenda kuitafuta ripoti kwenye ofisi ya mifugo Migori asiambiwe haipo. Kisha Rioba akaongeza maelezo chini ya ukurasa wa kwanza kwamba mwandishi wa ripoti ni baba yake, kwa sababu ukimtaja mtu wa kwenu ni vizuri useme ni wa kwenu, wasije wakadhani unaficha.

Likabaki jambo moja. Mtindo wetu ulitaka jina la ukoo na herufi moja tu ya jina la kwanza. Ogweno alikuwa ameulinda mtindo huo miaka yote, wakuu wa idara walishajaribu kumwomba majina yao yaandikwe kamili wakafukuzwa. Nikaandika Rioba, M. kama inavyotakiwa, nikampelekea. Akaitazama. Akachukua ile penseli nyekundu, akafuta M na nukta yake, akaandika Muniko lote.

"Mwalimu, na mtindo?"

"Mtindo ni wa kumfikisha mtu," akasema. "Kwa hawa, herufi moja haifikishi. Na kijana naye mwandike lote."

Nilimwekea chai yake na sukari ya kutosha.

Tulimwandikia mjumbe wa bodi hayo yote, akajibu baada ya siku mbili tatu. Aliandika kwamba ameelewa, anaondoa pendekezo lake, na anaomba msamaha kwa mwandishi na kwa mzee. Akaongeza swali: je, ripoti hiyo inaweza kupatikana, maana angependa kuisoma. Rioba aliposikia hilo aliomba aisome mwenyewe ile barua pepe, halafu akaisoma tena. Mchapishaji wa Kisumu alinuna, kama kawaida yake, lakini toleo likatoka.

Sasa, kwa kawaida mtu wa marejeo hapeleki jarida kwa mtu. Lakini nilikuwa karibu kustaafu, na nilitaka kumwona huyo mzee aliyeitika jina la mwanawe miaka kabla ya kumzaa. Nikaenda na Rioba siku ya soko. Ogwedhi siku ya soko ni fimbo na kofia na kelele, Wakuria, Wamaasai, Waluo, kila mtu anamkagua ng'ombe wa mwenzake meno na kuitukana bei yake. Mzee Muniko alikuwa kando ya zizi, ameegemea mbao, amevaa koti la mvua lililofungwa mshipi. Alinisalimu kwa mikono miwili.

"Ndiye wewe ulinipigia nikiwa na fahali?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Nilimuuza. Hakuwa na adabu."

Rioba akampa jarida kwa mikono miwili, akamfungulia mwanzo, kwenye kichwa cha makala, mahali jina lake mwenyewe lilipo kwa herufi nzito. Mzee akapitisha kidole, akatikisa kichwa, akafunua kurasa bila kusimama mpaka mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayefika. Akavaa miwani.

"Mimi niko wapi?"

Rioba akamwonyesha. Mzee akasoma kwa sauti, polepole, "Rioba, Muniko." Akarudia. Kisha kidole chake kikapanda juu, kikasimama. "Na huyu?"

"Huyo ni mimi, Tata. Muniko, Rioba."

"Umekaa mbele yangu."

Vijana! Kazi yote ile, na sikuwa nimelifikiria hilo! Kwa watu wale mtoto hakai mbele ya baba yake, hata kwenye benchi. Nikaanza kujieleza, Mzee, ni mambo ya alfabeti tu, M inatangulia R, hata mimi huwekwa nyuma ya watoto wadogo. Rioba naye akaingia, Tata, ni vile kompyuta inapanga, sio dharau, tunaweza waambia. Tukawa tunaongea sote wawili kwa pamoja, na mzee ametazama ukurasa tu.

Halafu akainua mkono tunyamaze.

"Wacheni akae hapo," akasema. "Tukileta ng'ombe hapa sokoni, si ndiye alikuwa anatangulia? Kadogo hivi, na fimbo inamzidi. Mimi nilikuwa natembea nyuma. Sikumbuki siku moja nimetembea mbele. Nikikaa mbele, nitajuaje kama amefika?"

Akalifunga jarida, akaliingiza ndani ya koti, akaenda kuangalia ng'ombe wa mtu. Rioba alibaki ameshika mbao za zizi, amenipa mgongo, na mimi nikaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wangu ambacho hakikuwemo.

Basi, leteni hiyo laptop. Na msinicheke mkiniona naanza kusoma orodha yenu kutoka chini kwenda juu. Naangalia kama wote wamefika.